Msibatize Kitabu Ambacho Hakijasomwa



Katika miji yetu ya Kongo, kitabu kipya hakizinduliwi tu, kinabatizwa. Ndivyo tunavyosema sote. Ukumbi unapambwa, kwaya inaimba, msimamizi wa ubatizo anaitwa mbele na kulipia nakala ya kwanza huku watu wakipiga vigelegele. Mtunzi anapigwa picha, soda zinafunguliwa, hotuba zinafuata. Mwezi ukiisha, nakala zilizobaki zimo katika makatoni chini ya kitanda, na ukiwauliza waliopiga makofi kitabu kinasema nini, wengi watakutajia rangi ya jalada.

Sisi tunaofundisha katekisimu hatuna ugomvi na furaha hiyo. Ugomvi wetu ni juu ya neno lenyewe. Kwa mtu mzima, Kanisa halimwagi maji kwanza na kuuliza baadaye. Mwombaji hupitia ukatekumenato: hufundishwa, huulizwa, husindikizwa na jumuiya, na siku ikifika wapo watu wanaoweza kusimama na kumshuhudia. Kitabu tunakibatiza bila shahidi hata mmoja aliyekisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na mahali palipokosa msomaji, mfanyabiashara ameona mlango wazi, akaingia.

Tuseme wazi tunachotaka kusema. Mtu anayedai pesa za kijana kabla ya kuusoma muswada wake hastahili kuitwa mchapishaji. Na jumuiya inayoshangilia kitabu bila kukisoma inamtumikia mtu huyo bila mshahara.

Mchapaji, mchapishaji, na wa tatu

Lugha yetu imetupatia maneno mawili yanayokaribiana, nasi tunayachanganya kwa hasara yetu. Mchapaji ni fundi wa mtambo. Anapokea faili, anatia wino kwenye karatasi, anakata, anafunga, analipwa. Kazi yake ni ya heshima, nayo inaishia pale kitabu kinapotoka kiwandani. Mchapishaji ana kazi nyingine. Anausoma muswada na kuukubali au kuukataa. Anauhariri pamoja na mtunzi. Anamlipa mchapaji kwa pesa yake mwenyewe. Anakitafutia kitabu wasomaji. Na kitabu kisipouzwa, hasara ni yake. Ndiyo sababu anasoma kwa makini, maana mfuko wake umo hatarini.

Anayejichapishia kitabu chake mwenyewe anaubeba mzigo wa mchapishaji kichwani pake. Anatafuta mhariri, anamlipa msanii wa jalada, anaelewana na mchapaji, kisha anauza. Hapo hakuna aibu wala udanganyifu, mradi ajue kwamba mzigo ni wake na mavuno pia ni yake.

Tatizo ni wa tatu. Huyu anajiita mchapishaji, anadai malipo kama mchapaji, kisha anachukua haki kama mchapishaji. Mtunzi anabaki na gharama, na yeye anabaki na kitabu. Hata sheria ya Ufaransa, ambako vijana wetu wengi hupeleka miswada yao, inatenganisha mambo hayo mawili: mkataba ambamo mtunzi ndiye anayegharimia uchapaji hauhesabiwi kuwa mkataba wa uchapishaji. Ni mkataba wa mteja na fundi. Anayekupa huo wa pili na kuuita wa kwanza amekwisha kukudanganya kabla hujatia sahihi.

Jinsi wanavyokuja

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana ametetea memwari yake chuoni. Siku chache baadaye anapata barua pepe yenye pongezi nyingi: kazi yake imeonekana, kamati ya wasomaji imevutiwa, ulimwengu unaisubiri. Anatuma muswada wa kurasa mia mbili, na jibu la kukubaliwa linarudi kabla Jumapili haijafika. Ni kamati gani hiyo inayosoma kwa mbio namna hiyo? Hakuna aliyesoma. Kilichosomwa ni anwani yake.

Tangu hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifurushi: lipa kiasi fulani cha dola nasi tutakuhaririia, tutakupatia jalada, namba ya ISBN, nakala ishirini na matangazo ulimwenguni kote. Kijana anauza simu yake, mama anauza mbuzi, shirika la mtaani linachanga. Uhariri unaofika ni ule wa kompyuta, na matangazo ya ulimwenguni kote ni ukurasa mmoja kwenye intaneti ambao hakuna anayeupitia.

Njia ya pili ni ya ujanja zaidi kwa sababu haiombi hata faranga moja. Inachukua muswada jinsi ulivyo, bila kusahihisha hata alama ya mkato, inaufungia haki zote kwa miaka kadhaa, na kuutia bei ya euro ambayo msomaji wa Uvira au Kalemie hawezi kuilipa. Nakala inachapwa tu pale mtu anapoagiza. Na ni nani ataagiza? Mtunzi mwenyewe, shangazi yake na rafiki zake watatu. Kuchapa kwa maagizo si kosa kwenyewe. Ni teknolojia nzuri inayomwokoa mtunzi na makatoni ya chini ya kitanda. Kosa ni kuitumia ili kumgeuza mtunzi kuwa mnunuzi pekee wa kitabu chake, huku haki ya kukichapa mahali pengine kwa bei ya watu wetu ikiwa imefungiwa katika nchi ya mbali.

Mambo mawili yanayouzwa kama dhahabu

La kwanza ni ISBN. Wanaitaja kana kwamba ni cheti cha ubora. ISBN ni namba ya utambulisho wa kitabu. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13, na kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10. Inawasaidia wauzaji na maktaba kukitambua kitabu. Kadi ya uchaguzi inaonyesha wewe ni nani, lakini haisemi kama wewe ni mwaminifu. Kitabu kibaya kina ISBN kama kizuri kilivyo nayo.

La pili ni haki ya mtunzi. Wako wanaowatoza vijana pesa ili “kuwapatia” haki juu ya maandishi yao. Katika nchi yetu, haki za watunzi zinalindwa na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na Kongo ni mwanachama wa Mapatano ya Berne, ambayo msingi wake ni kwamba haki hiyo inazaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kungoja kuandikishwa mahali popote. Anayekuuzia haki yako anakuuzia shati ulilolivaa. Jambo jingine kabisa ni kuweka nakala za kitabu katika Maktaba ya Taifa kama sheria inavyotaka: huo ni wajibu wa raia, na faida yake ni kwamba kumbukumbu ya nchi haipotei. Mtoa huduma mkweli atakueleza tofauti hiyo. Mwongo ataichanganya ili akutoze mara mbili.

Tunajibu wanaotupinga

Wako watakaosema: mwacheni, ni pesa yake. Hapana. Ni pesa ya mama aliyeuza mbuzi, na ya wanashirika waliochanga baada ya kusali. Tena si pesa tu. Kijana aliyeandika ushuhuda wa kijiji chake katika miaka ya vita, akaukabidhi kwa watu wasioujali, amepoteza sauti ya watu waliomwamini na kumsimulia. Baadhi yao hawatasimulia mara ya pili, kwa kuwa hawapo tena.

Wako, kwa upande mwingine, wanaocheka: kitabu ambacho mtu amejichapishia si kitabu, asubiri nyumba kubwa ya Paris au Kinshasa imkubali. Hao nao hatukubaliani nao. Kanisa halikungoja nyumba kubwa ili liandike. Mtakatifu Fransisko wa Sale, alipokuwa padri kijana katika nchi ya Chablais mwishoni mwa karne ya 16, alikuta watu hawaji kumsikiliza. Akaandika mafundisho yake katika vikaratasi na kuyaeneza kwa watu majumbani mwao. Mwaka 1923 Papa Pio XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi wakatoliki. Naye Mwenye Heri Yakobo Alberione, alipoanzisha Shirika la Mtakatifu Paulo mjini Alba, Italia, mwaka 1914, alianza na karakana ya uchapaji na vijana wachache. Matunda ya kazi hiyo tunayasoma hadi leo katika vitabu vya Médiaspaul ya Kinshasa.

Lakini Kinshasa ni mbali, na nyumba moja haiwezi kubeba kumbukumbu ya nchi nzima. Historia ya parokia yenu, methali za Mashi au za Kirega, maisha ya katekista wa kwanza wa mlima fulani, nyimbo ambazo wazee wanazikumbuka peke yao: nani wa Paris atayachapisha hayo? Yatachapishwa na sisi, kwa pesa yetu ndogo, kwa nakala mia moja au mia mbili, au hayatachapishwa kamwe. Ndiyo sababu tunakasirika. Kama kujichapishia kungekuwa mchezo, udanganyifu katika mchezo huo usingetuuma. Kwa kuwa ni wajibu wa kizazi chenu, hatuwezi kuuachia wachuuzi wa pongezi.

Mchele ulioharibika

Tumwangalie Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliyetangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa rushwa ili chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa, na mwaka 2007 aliuawa kwa sababu hiyo. Hakuwa akilinda mali yake. Alilinda matumbo ya watu ambao hata hakuwajua majina.

Kitabu nacho ni chakula. Kitabu cha historia chenye tarehe zilizobuniwa, kijitabu cha afya kinachomwambia mgonjwa aache dawa, kitabu cha sala kinachoahidi utajiri kwa siku tisa: hivyo vyote ni mchele ulioharibika, hata kama gunia lina ISBN na jalada linang'aa. Anayechapa bila kusoma anauacha upite mpakani. Na sisi tunaoununua mlangoni mwa kanisa kwa sababu muuzaji ni mtoto wa parokia, tunaupeleka jikoni.

Ndiyo maana Kanisa limeweka ukaguzi wake. Kanuni ya 826 ya Sheria ya Kanisa inataka vitabu vya sala kwa matumizi ya waamini vichapwe kwa ruhusa ya askofu wa mahali. Kanuni ya 827 inataka katekisimu zipate kibali chake, na inakataza vitabu vinavyohusu dini au maadili kuwekwa, kuuzwa au kugawiwa makanisani pasipo ruhusa hiyo. Wako wanaoona hayo kama minyororo. Sisi tunaona tofauti: hapo, angalau, sheria inamlazimu mtu mmoja mwenye elimu kuusoma muswada na kutoa maoni yake kwa maandishi. Vijana wangapi wamepata bahati hiyo kutoka kwa wale waliowatumia pongezi? Basi anayeandika juu ya imani aanze kwa paroko, kabla ya kuelekea kwa mchapaji.

Ukatekumenato wa kitabu

Kukemea bila kuonyesha njia ni nusu ya kazi. Tunapendekeza kwamba kila kikundi cha vijana kikatae kushiriki katika ubatizo wa kitabu chochote ambacho hakijapitia hatua hizi.

Kwanza, kisomwe na watu watatu wasio ndugu za mtunzi: mmoja anayeijua lugha vizuri, mmoja anayelijua jambo lenyewe, na mmoja wa umri wa wale wanaoandikiwa. Waandike makosa pembeni. Mtunzi asiyevumilia kalamu nyekundu ya rafiki hataweza kuvumilia ukimya wa wasomaji.

Pili, mtoa huduma aulizwe maswali kabla ya kulipwa. Je, umesoma muswada, na sura ya tatu inasema nini? Unaweza kutuonyesha vitabu vitatu ulivyovitengeneza, tuvishike mkononi, tuvute kurasa tuone kama zinang'oka? Tunaweza kuongea na watunzi wake? Bei ni ya nini na nini: uhariri, jalada, upangaji wa kurasa, uchapaji, usafirishaji? Kazi ikipelekwa Kampala au Nairobi, nani atalipa ushuru mpakani? Mtu mwaminifu atayafurahia maswali hayo. Anayekasirika amejibu tayari.

Tatu, mkataba uandikwe, usomwe kwa sauti mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Ndani yake mtafute mambo matano: haki ya mtunzi inabaki kwa nani; inafungwa kwa muda gani na jinsi ya kuifungua; faili la mwisho, la ndani na la jalada, ni mali ya nani; nakala ngapi zitatolewa na lini; na nini kitatokea kazi isipokamilika. Malipo yagawanywe: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya kuona nakala ya majaribio na kuisahihisha, na ya mwisho siku ya kupokea vitabu.

Nne, hesabu ifanywe kwenye daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme kuchapa nakala 200 kunagharimu dola 3 kwa kila moja: hizo ni dola 600. Ongezeni dola 150 za mhariri na jalada, jumla 750. Mkiuza kwa dola 5, lazima nakala 150 ziuzwe ndipo mrudishe pesa iliyotoka. Faida inaanza na ile ya 151. Sasa jiulizeni kwa majina: wanunuzi 150 ni nani? Kama orodha inaishia 40, chapeni 40 kwanza. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, aliwaonya wanaoanza kujenga mnara bila kuketi na kuhesabu gharama. Makatoni ya chini ya kitanda ni msingi wa mnara huo.

Tano, faili litunzwe mahali zaidi ya pamoja. Nabii Yeremia, sura ya 36, anatusimulia jinsi mfalme Yoyakimu alivyokata gombo kipande kwa kipande na kulitupa motoni. Baruku aliandika tena, kwa kuwa aliyeyatamka maneno alikuwa bado hai. Katika nchi yetu, ambako nyumba zimeungua na familia zimekimbia na nguo za mwilini tu, msiache kazi ya miaka katika kompyuta moja ya mtu mmoja. Wekeni nakala kwa rafiki wa mji mwingine, na moja ya karatasi parokiani.

Kitabu kilichopita hapo, kibatizwe kwa shangwe. Tutakuja, tutaimba, tutanunua. Lakini siku hiyo, kabla ya msimamizi kutoa noti zake, aombwe asimame na kueleza kwa dakika tano alichokisoma ndani. Akishindwa, arudi na kukaa, atafutwe mwingine. Sherehe ichelewe kidogo kuliko watu washangilie wasichokijua.

Kwa vikundi vyetu, tunaacha maswali matatu ya kuzungumzia pamoja wiki hii.

Ni vitabu gani vya watoto wa parokia yetu tulivyovinunua mwaka huu, na ni vingapi kati yake tumevisoma hadi mwisho?

Ni kumbukumbu gani ya mahali petu itakayopotea tusipoiandika, na ni nani kati yetu aliye tayari kuianza?

Je, tunaweza kuchagua watu watatu watakaokuwa wasomaji wa kwanza wa kila muswada unaotoka katika parokia yetu, bila malipo na bila upendeleo?